Gari la Kukaa Nalo

Walimu wanapokaribia kustaafu huzungumza mambo matatu: nyumba, shamba na gari. Nyumba na shamba wengi huwa wamekwisha kuvianza mapema, tofali kwa tofali na ekari kwa ekari. Gari ndilo husubiri kiinua mgongo. Fedha hiyo huja mara moja tu katika maisha ya mtumishi, nayo huja pamoja na ushauri wa watu wengi ambao hawatakuwapo siku gari litakapozimika kati ya Mbande na Kibaigwa. Nimewaona wenzangu, watu wenye akili timamu waliosimamia shule kubwa bila kupotea senti, wakinunua gari kwa muda mfupi kuliko ule tuliokuwa tukiutumia kuchagua ng'ombe wa kuchinja siku ya mahafali. Miaka miwili baadaye gari liko chini ya mwarobaini, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na mstaafu anapanda bajaji.

Kwa sababu hiyo nimeona vema kuandika uhakiki wa magari haya ya mkononi tunayouziwa hapa Dodoma. Nasema uhakiki makusudi. Sisi tuliofundisha Kiswahili tulizoea kuwaambia wanafunzi kwamba kazi ya fasihi hutazamwa kwa fani na maudhui, na kwamba anayeshika kimoja akaacha kingine amesoma nusu ya kitabu. Gari nalo lina fani yake: umbo, rangi, taa, viti, redio. Lina maudhui yake pia: injini, gia, chasisi, na kazi ambayo aliyelibuni alikusudia lifanye. Wauzaji wanajua kwamba wengi wetu tunasoma fani tu. Ndiyo maana gari kabla ya kupelekwa sokoni hupigwa rangi, huoshwa injini, na matairi hupakwa mafuta mpaka yang'ae. Lakini ni nadra sana kuona gari lililobadilishwa bushi na shokapu kwa ajili ya mnunuzi ajaye.

Kizazi chetu hakikuzoea kuchagua. Tulipoanza kazi miaka ya 1970, gari jipya lilipatikana kwa kibali kupitia shirika la umma, na mwalimu wa kawaida hakuwa na habari nalo. Fahari yake ilikuwa baiskeli. Hata aliyekuwa na gari hakuwa na uhuru nalo wote, kwani katika miaka ya uhaba wa mafuta gari binafsi halikuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Magari yaliyopita hapa yalikuwa ya aina chache, na watoto waliyajua kwa mlio kabla hayajatokea: Land Rover 109 ya wilaya na ya misheni, Peugeot 404 na baadaye 504, Volkswagen yenye mgongo wa kobe, Datsun, na Toyota Stout iliyobeba abiria na mbuzi pamoja.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe. Miaka ya 1990 magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kumiminika. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia. Tena ukaguzi wa lazima wa magari nchini kwao, unaofanyika miaka mitatu baada ya gari kununuliwa jipya na kisha kila miaka miwili, una gharama inayowafanya wengi waone heri kuuza. Wenzetu wa Kenya walijiwekea mpaka kwamba gari linaloingia lisizidi miaka minane. Sisi hatukufunga mlango. Tunatoza ushuru wa uchakavu kwa gari kuukuu. Hivyo uwanja wetu wa kuchagua ni mpana kuliko wa jirani, na mwenye uwanja mpana ana haja kubwa zaidi ya kujua kuchagua.

Tunachagua kwa vigezo gani? Nikisikiliza mazungumzo ya barazani nasikia vitatu, na vyote vitatu nina mashaka navyo.

Cha kwanza ni namba. Mtu akitajiwa gari, swali lake la kwanza ni hili: "Namba gani?" Akiambiwa namba D anasogea, akiambiwa namba B anageuza uso. Herufi ile inaonyesha tu ni lini gari liliandikishwa hapa nchini. Haisemi lilitengenezwa lini, wala lilitunzwaje. Gari lililoundwa mwaka 2002 likakaa Japani miaka kumi na mitatu kisha likaingia hapa litakuwa na namba D, na gari la mwaka huohuo lililoingia mapema na kutunzwa na bwana mmoja mwangalifu litakuwa na namba B. La kwanza litauzwa ghali zaidi. Umri halisi umeandikwa kwenye kadi ya gari, pamoja na namba ya chasisi na ya injini, lakini wengi huisoma kadi baada ya kulipa. Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo, ujinga huu wa soko ni neema, kwani gari zuri la namba A au B hupatikana kwa bei ya unyenyekevu kwa sababu tu wenzake wanalionea haya.

Kigezo cha pili ni ulaji wa mafuta. Sikatai kwamba mafuta ni mzigo, hasa tangu mwaka 2017, ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na tozo ikaongezwa kwenye kila lita. Lakini hesabu ya mstaafu si hesabu ya dereva wa teksi. Anayekwenda kanisani au msikitini, sokoni, zahanati, na shambani mara mbili kwa wiki hafikishi kilomita nyingi kwa mwezi. Akiba anayoipata kwa kununua injini ndogo humezwa yote siku moja sampo inapogonga jiwe kwenye njia ya shamba. Lita moja au mbili zaidi kwa safari si kitu kikubwa kulinganisha na injini iliyoshushwa.

Cha tatu ni jirani. Mwenzake kanunua aina fulani, naye anataka ileile, au anataka iliyo kubwa kidogo ili maneno yaishe. Hapa sina la kuongeza zaidi ya kusema kwamba jirani huyo hana njia ya kwenda shamba lako.

Sasa niseme ninavyoona inafaa. Mgogo anaponunua ng'ombe mnadani Msalato hamtazami rangi kwanza. Anatazama meno na kwato, anamtembeza, kisha anauliza: ametoka wapi, amenyweshwa wapi, kwa nini anauzwa? Maswali haya yanatosha kabisa kwa gari.

Limetoka wapi? Gari lililolala miaka kumi Dar es Salaam, Tanga au Unguja limepumua chumvi ya bahari, na kutu huanzia chini mahali ambapo rangi ya dukani haifiki. Lililotoka sehemu za theluji za Japani linaweza kuwa na ugonjwa huohuo, kwa kuwa kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Nyanda zetu hizi kavu zinaharibu mambo mengine, lakini kwa bati ni rafiki. Gari lililoishi Dodoma, Singida au Manyoni aghalabu lina sakafu nzima hata kama rangi yake imepauka kwa jua. Kati ya gari lenye rangi ya kung'aa na tumbo lenye kutu, na gari lililopauka lenye tumbo zima, chukua la pili. Rangi hununuliwa, lakini chasisi iliyooza haina dawa ya bei nafuu.

Limetibiwa na nani? Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kuanzia mwaka 1996 viwanda vya Japani vilianza kutoa injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mitsubishi waliziita GDI na Toyota wakaziita D-4. Zimo katika Pajero iO, katika baadhi ya RAV4 za kizazi cha pili, na katika Noah na Voxy nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2001. Ni kazi ya werevu mkubwa, iliyokusudiwa nchi yenye mafuta safi na gereji zenye vyombo vya kupimia. Pampu yake ya shinikizo na nozeli zake hazina uvumilivu na uchafu. Sisi tulikuwa na taabu ya petroli kuchanganywa na mafuta ya taa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili wachakachuaji wakamatwe. Injini hiyo si mbaya. Imepelekwa tu mbali na kwao. Fungua boneti, soma maandishi kwenye kifuniko cha injini, na ukiona D-4 au GDI mshukuru dalali kwa muda wake.

Linauzwa kwa nini? Jibu la kweli hutolewa kwa shida. Lakini mwenye gari akikuonyesha daftari la matengenezo, hata liwe limeandikwa kwa penseli, kaa umsikilize. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baada ya hayo twende kwenye magari yenyewe. Nitaanza na wazee.

Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda mbio za Safari mara nne, mwaka 1963 na kisha 1966, 1967 na 1968, wakati mbio hizo zilipokuwa zikipita Tanganyika, Kenya na Uganda. 504 ikashinda 1975 na 1978. Hayakuwa majigambo matupu. Springi zake zilikuwa na mwendo mrefu, kwa hiyo tairi lilishuka shimoni na kupanda bila abiria kutupwa darini, na tumbo lake lilikuwa juu kuliko la gari dogo la kawaida. Ukaaji wake ulikuwa wa heshima, na hata leo ukiiona imesimama unajua ni yenyewe. Nikipewa nafasi ya kutoa alama kwa umbo na kazi vilivyopatana, naipa za juu. Lakini simshauri mstaafu kuinunua. Mafundi waliokuwa wakiijua nao wamestaafu, na spea utaitafuta kama mganga anavyotafuta mzizi. Kwa mwenye gari jingine la kumpeleka hospitali usiku, 504 ni kipenzi kizuri cha kutunza. Kwa asiye nalo ni hatari.

Land Rover 109 nayo ina heshima yake. Hesabu hiyo ni inchi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, mabati yaliyokunjwa kidogo tu kwa kuwa hapakuwa na mitambo ya kufinyanga maumbo. Angalia jinsi sura ile inayojulikana dunia nzima ilivyozaliwa na uhaba na kazi, wala haikuzaliwa na mapambo. Bado zipo zinazotembea Kondoa na Mpwapwa, nyingine zina injini ya Toyota ndani. Lakini usukani wake ni jembe, inakunywa mafuta, na mgongo wa mtu wa miaka sabini hauiwezi. Ikupendeze ukiiona inapita, utosheke.

Volkswagen ya kobe ilikuwa na jambo moja lililotufaa sana: injini yake hupozwa kwa upepo, haina rejeta, haina maji. Katika nchi ya maji ya taabu hiyo ni hekima. Utengenezaji wake ulikoma Mexico mwaka 2003, na zilizobaki hapa ni chache na wenye nazo hawaziuzi.

Tuje kwa magari ya leo, yale ambayo fedha ya mwalimu inaweza kuyafikia.

Toyota IST, ile iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, ndiyo imejaa mjini. Watu wa makini huibeza kwa sababu ni ya kila mtu. Mimi siibezi. Injini yake ya lita 1.3 au 1.5 ni ya kawaida, ina mnyororo mahali pa mkanda wa taimingi, haina D-4, na spea zake hupatikana hata kwenye duka lililo jirani na mama lishe. Kwa mstaafu anayeishi Area C au Kisasa, asiye na shamba, asiyepita njia ya vumbi zaidi ya ile ya nyumbani kwake, ni gari la haki. Aibu yake ni kwamba iko chini na magurudumu yake ni madogo. Mvua za Januari zikichimba korongo kwenye njia ya Hombolo, IST inakuwa abiria.

Corolla 110, iliyotengenezwa kati ya 1995 na 2000, ndiyo ambayo ningempa mtu asiyependa magari. Ni kama kitabu cha kiada kilichopigwa chapa mara nyingi: hakina hadithi ya kusisimua, lakini makosa yake yote yanajulikana. Injini yake ya lita 1.5 ina vali kumi na sita na haina fumbo. Fundi mmoja kijana, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniambia, "Shikamoo Mwalimu, gari hii inajua kusamehe." Sijasikia sifa bora kuliko hiyo. Wengi wanaiacha kwa kuwa haina sura. Nami nakubali haina, ila wembamba wake usio na majivuno nao ni aina ya sura, ukiishi nao.

Gari ninalotaka kulisemea zaidi ni Suzuki Escudo, ya kizazi cha kwanza kilichoanza mwaka 1988 au cha pili kilichoanza 1997. Sababu ni moja. Magari mengi ya siku hizi yenye umbo la kupanda milima ni magari madogo ya mjini yaliyovalishwa buti za mvua. RAV4 ya kwanza ya mwaka 1994 ndiyo iliyofungua njia hiyo, na yenyewe ilikuwa nzuri. Injini yake ya lita 2 ya kizazi kile haina D-4 na inadumu. Lakini haina chasisi iliyo mbali na bodi, wala gia ya nguvu ya kutambaa. Escudo ina vyote viwili, kama Land Rover, ndani ya gari dogo la milango mitatu au mitano lenye injini ya lita 1.6 au 2. Urefu wake kutoka ardhini haukuwekwa kwa ajili ya picha. Umetokana na chasisi iliyo chini yake. Yangu ni ya mwaka 1996, nimekaa nayo tangu 2011, imekwenda Kolo kwenye michoro ya mapangoni na Mtera kununua samaki, na imevuka mito ya mchanga ambayo wenye magari ya kifahari waliisimamia kando wakipiga simu. Ina ukali wake: viti ni vigumu, kelele ya upepo ni nyingi, na baadhi ya spea hapa Dodoma hazipatikani mpaka ziagizwe Ilala au Gerezani, zije na basi kesho yake. Anayeitaka ajue hilo kabla, na aweke ndani ya nyumba pampu ya maji moja, mkanda mmoja na seti ya plagi.

Mwisho nitaje Suzuki Carry, ambayo watu wameibatiza Kirikuu. Sheria ya Japani ya magari madogo inabana injini isizidi sentimita za ujazo 660 na mzigo usizidi kilo 350. Kutokana na kubanwa huko likapatikana gari ambalo dereva anakaa juu ya injini na sehemu yote iliyobaki ni ya mzigo. Mstaafu mwenye ekari mbili za zabibu Mpunguzi au Makutupora, au alizeti upande wa Kongwa, asione haya kununua Kirikuu. Litamrudishia fedha yake badala ya kuila. Dhambi si ya gari bali ya wanaolipakia tani nzima na kulilaumu likikata springi. Jirani yangu, mwalimu mkuu mstaafu kama mimi, alichekwa alipolileta. Sasa wanaomcheka humwazima msimu wa mavuno.

Msomaji atakuwa ameona kitu kimoja katika magari niliyoyasifu. Yote yana sura ya kutambulika, na sura hiyo katika kila moja imetokana na kazi yake. Gari lililovalishwa rimu pana, vioo vyeusi na kibandiko cha maandishi ya Kijapani halina sura, lina mavazi. Lenye kazi yake maalumu ndilo hudumu kupendwa na mwenyewe, na linalopendwa ndilo linalotunzwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni gari gani zuri, uliza una kazi gani, na njia yako ikoje mwezi wa pili mvua ikiwa imenyesha.

Kazi na njia hizo zimebadilika, na mhakiki asiyebadili hukumu yake atawapotosha watu. Zamani kumshauri mtu wa Kondoa anunue Corolla kungekuwa utani. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kiasi cha kilomita 250, na ile ya Iringa kupitia Mtera, zote zilizinduliwa mwaka 2018. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilizinduliwa rasmi Agosti 2024, na safari ambayo tuliihesabu kwa siku sasa inahesabiwa kwa saa. Kwa hiyo kuna mstaafu ambaye jibu lake sahihi ni kutokununua gari kabisa. Anayekwenda Dar mara tatu kwa mwaka na sokoni kwa bajaji, fedha yake ikae kwenye mifugo au ada za wajukuu. Nasema hivi kwa sababu dalali hatakuambia, na wanao wataona haya kukuambia.

Kwa atakayenunua, nina ushauri wa utunzaji, kwa kuwa gari la mkononi huuzwa mara moja lakini hununuliwa kila mwezi. Gawa fedha uliyotenga mafungu matatu. Mawili ndiyo bei ya gari, la tatu libaki benki kwa mwaka wa kwanza. Mwenye milioni 12 atafute gari la milioni 8, asitafute la milioni 12. Katika mwezi wa kwanza badili oili, vichujio vyote, mkanda wa taimingi kama lina mkanda, na maji ya breki, hata muuzaji akiapa kwamba vilibadilishwa juzi.

Vumbi la kwetu ni adui wa pekee. Eya klina inayokaa mwaka mzima mahali pengine hapa huziba katika miezi michache ya kiangazi, na injini inayovuta vumbi hujisaga silinda polepole bila kelele. Ifungue na kuitazama kila mwezi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Usiyatie kwenye rejeta hata siku moja, kwani huacha magamba kama ya sufuria ya chai na kuziba mirija, kisha gasketi ya silinda hedi huungua na wewe unailaumu Japani. Weka dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi. Jua nalo hupasua raba za milango na waya. Kivuli cha mwarobaini au banda la bati ni bima ya bei nafuu. Na nunua daftari la kurasa arobaini na nane, uandike tarehe, kilomita, kilichofanyika na fedha iliyotoka. Ukiuza siku moja, daftari hilo litasema kwa niaba yako.

Mtafute fundi kabla ya kutafuta gari. Mwulize anajua nini vizuri, kisha nunua hicho. Mlipe bila kumvuta, umwite kwa jina lake, ukae naye kwenye benchi anapofanya kazi. Mzee mwenye Corolla ya namba A na fundi anayemheshimu atafika Mpwapwa na kurudi. Mwenye gari la namba E lisilo na fundi atafika pale ambapo taa nyekundu ya dashibodi itawaka, kisha ataanza kutafuta namba za simu.